Gesi Ilitoka

Nikisema natoka Mtwara, watu wa Dar es Salaam hunijibu kwa moja kati ya mawili: korosho, au "gesi haitoki", kauli ya maandamano yetu ya 2012 na 2013 ya kupinga bomba la kupeleka gesi ya Mtwara Dar. Anayetaja korosho huwa na matumaini ya kuletewa kilo moja nikirudi likizo. Anayetaja gesi hucheka kwanza. "Nyie si ndio mliosema haitoki? Mbona ilitoka?"

Ilitoka. Nakaa Segerea, si mbali na Kinyerezi linakoishia bomba lenyewe, na sehemu ya umeme unaowasha taa yangu inatokana na gesi iliyochimbwa kwetu. Sina ugomvi na kicheko. Ugomvi wangu ni na maelezo yanayofuata, ambayo nimeyasikia kwenye daladala, kazini, hata kwa marafiki niliosoma nao: kwamba watu wa Kusini walitaka kula peke yao, hawakujua kuwa rasilimali ni ya taifa, wakachochewa na wanasiasa, wakachoma moto, jeshi likaja, basi. Kila inaposimuliwa upya hadithi hiyo inazidi kuwa fupi, na kila inapofupishwa linapotea swali tuliloliuliza.

Tulijibiwa gesi ni ya nani. Sisi tulikuwa tumeuliza itafanya kazi wapi.

Kwa wasiokumbuka au waliokuwa wadogo: gesi ya Mnazi Bay, huko Msimbati, iligunduliwa mwaka 1982 na AGIP, kampuni ya Italia iliyokuwa imekwisha kupata gesi ya Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974. Zote mbili zikaachwa chini kwa miaka mingi. Songo Songo ndiyo iliyotangulia kutumika. Mwaka 2004 bomba la kilomita 232 hivi, sehemu yake ikipita chini ya bahari, lilianza kuipeleka gesi Ubungo na kwenye viwanda vya Dar. Mnazi Bay ikasubiri hadi kampuni ya Kanada iitwayo Artumas ilipokifufua kisima na kufunga mitambo midogo ya umeme pale Mtwara, mnamo 2006 na 2007.

Mitambo ile, iliyofikia megawati 18, ilitufundisha jambo ambalo watu wa Dar hawakulijua. Sisi hatukuwa kwenye gridi ya taifa. Kwa hiyo mwaka 2011, mabwawa yalipokauka na nchi nzima ikawa gizani kwa mgawo, mgawo ule haukutuhusu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimpigia simu shangazi aliyeolewa Temeke na mimi ndiye niliyekuwa na taa. Mafundi wa kuchomelea pale Soko Kuu walifanya kazi hadi usiku. Tuliona kwa macho yetu gesi ikifanya kazi karibu na inakotoka, na tukaona kwamba inawezekana.

Kisha zikaja habari za baharini. Kuanzia 2010 kampuni kubwa za Uingereza na Norway zilitangaza visima baada ya visima katika kina kirefu cha bahari, na hesabu ya gesi ya nchi ikawa inapanda hadi ikafika trilioni 57 za futi za ujazo. Mtwara ikachangamka. Viwanja vya Mangamba na Naliendele ambavyo hakuna aliyevitaka vikapata madalali. Nyumba za Shangani zikapangishwa kwa dola. Wazazi waliokuwa wakiwahimiza watoto wao wasomee ualimu wakaanza kuuliza chuo cha VETA kinafundisha nini kuhusu gesi. Viongozi waliokuja ziarani walituambia Mtwara itakuwa mkoa wa viwanda: saruji, mbolea, kituo kikubwa cha umeme. Megawati 300 ndiyo namba tuliyoizoea masikioni.

Tarehe 8 Novemba 2012, Rais Jakaya Kikwete akaweka jiwe la msingi la bomba jipya. La inchi 36, kilomita zaidi ya 500, lenye uwezo wa kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku, kutoka Madimba, Mtwara, kupitia Somanga Fungu ambako linapokea tawi la Songo Songo, hadi Dar. Fedha zilikuwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, dola bilioni 1.2 na ushei. Jiwe hilo liliwekwa Kinyerezi.

Mtu wa itifaki atasema jiwe la msingi linaweza kuwekwa popote. Sawa. Lakini pale kijiweni kwetu Chikongola habari hiyo ilisomwa gazetini kwa sauti, na mzee mmoja fundi cherehani akauliza: hivi wanaweka msingi mwishoni? Sidhani kama kuna mchambuzi wa sera aliyewahi kusema zaidi ya hapo. Sisi tuliambiwa tutakuwa mwanzo wa kitu. Kumbe tulikuwa mdomo wa bomba tu.

Tarehe 27 Desemba 2012 yakafanyika maandamano yaliyoanzia Mtawanya hadi mjini. Ndiyo, vyama vya upinzani viliungana kuyaandaa. Lakini niliwaona waandamanaji wenye kadi za chama tawala, niliwaona walimu wa madrasa, akina mama wa kuuza samaki wa Msanga Mkuu, vijana wa bodaboda, na wastaafu wa bandari waliovaa kofia zao za kazi. Mabango yaliandikwa kwa mkono kwenye maboksi. "Gesi haitoki" lilikuwa neno la bango, na bango halina nafasi ya maelezo. Ukimsimamisha mtu na kumuuliza anamaanisha nini, alikuwa na maelezo: jengeni mitambo hapa, safirisheni umeme, jengeni kiwanda cha mbolea hapa, safirisheni mbolea, kinachobaki kipelekeni mnakotaka.

Siku nne baadaye, katika hotuba ya kuaga mwaka, Rais aliwajibu. Alisema rasilimali ya nchi ni ya Watanzania wote popote inapopatikana, na kwamba kila mkoa ukidai chake hatutakuwa na nchi. Hakuna aliyeweza kulipinga hilo, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Lilikuwa jibu sahihi la swali lingine.

Lazima nieleze kwa nini watu wa Kusini husikia neno "taifa" na masikio yao yakasimama. Wakati mwingine hata vijana wetu wenyewe hawajui historia hii, wameirithi tu kama hasira.

Waingereza walipokuja na mradi wao wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, Nachingwea ilifyekwa, reli ikajengwa, na Mtwara ikapewa bandari ya kina kirefu. Mradi ulikuwa umekufa ifikapo 1951. Bandari ikabaki, kubwa kuliko mizigo yake. Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Babu yangu alifanya kazi kwenye reli hiyo, na nilipokuwa mdogo nilidhani anasimulia ngano, maana sikuwahi kuona pataruma hata moja.

Ikafuata miaka ya vita vya ukombozi wa Msumbiji. Mikoa yetu ilikuwa uwanja wa nyuma wa FRELIMO, Nachingwea ikawa na kambi yao ya mafunzo, na mpaka wa Ruvuma ukawa mahali pa hatari. Tuliifanya kazi hiyo kwa niaba ya nchi nzima na sikuwahi kumsikia mzee akiijutia. Ila barabara haikuja. Daraja la Mto Rufiji, lenye jina la Benjamin Mkapa aliyekuwa mtu wa Lupaso, Masasi, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo safari ya basi kutoka Dar hadi Mtwara wakati wa masika ilikuwa ya kubebea sufuria: mlilala njiani, mlipika njiani, mlisukuma gari, mkafika Ndundu mkakuta kivuko kimegoma. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwa tope kwa zaidi ya miaka kumi.

Lakini kama unataka kuielewa Mtwara na gesi, soma habari za korosho. Miaka ya 1970 serikali ilikopa ikajenga viwanda 12 vya kubangua korosho, vingi vyake Kusini. Likombe, Newala, Masasi, Lindi, majengo makubwa yenye mabati yanayoonekana kutoka mbali. Wazo lilikuwa zuri: korosho ibanguliwe inakolimwa, ajira zibaki, maganda nayo yatoe mafuta yake. Uzalishaji ukaporomoka, vijiji vikahamishwa na mikorosho ikaachwa porini, mashine zikawa hazina kazi. Baadaye viwanda vikabinafsishwa, na vingi vikageuka maghala. Maghala ya kuhifadhia korosho ghafi inayosubiri meli ya kwenda India. Mama yangu alifanya kazi ya kubangua, baadaye akawa anapita nje ya jengo lilelile akiwa amebeba gunia la ghafi kupeleka chama cha msingi.

Basi umwambie mwanamke huyo kwamba gesi itatoka ghafi kwenda mbali, halafu faida itarudi kwake kwa njia ya bajeti ya taifa. Ameshaiona njia hiyo. Na hata bei ya korosho ghafi yenyewe ilikuwa kidonda wakati huohuo: Aprili 2013 kule Liwale, wakulima walioahidiwa shilingi 600 za malipo ya pili kwa kilo wakapewa 200, nyumba za viongozi zikachomwa moto. Wachambuzi wa Dar waliandika habari za Liwale kwenye ukurasa wa kilimo na habari za Mtwara kwenye ukurasa wa nishati. Kwetu lilikuwa jambo moja.

Narudi kwenye bomba. Januari 2013 mambo yalichafuka. Masasi, chanzo cha karibu kilikuwa ugomvi wa vijana wa bodaboda na polisi, lakini moto ulipowaka ulikwenda kwenye ofisi za umma na nyumba za wanasiasa, na watu walipoteza maisha. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaja Mtwara mwenyewe, akakaa na makundi mbalimbali, akasikiliza. Nampa haki yake: alikuwa wa kwanza kueleza kwa utulivu kwamba gesi itasafishwa Madimba kabla ya kuingia bombani, na kwamba viwanda vinaweza kuchukua gesi hapohapo. Mji ulipumua kwa muda. Kama maelezo hayo yangetolewa mwaka mmoja kabla, kwenye mikutano ya vijiji ambako mkuza wa bomba, yaani ukanda wa ardhi linakopita, ulikuwa unapimwa, nadhani tungekuwa na historia nyingine. Yalikuja baada ya maiti.

Kisha Mei 22. Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, alikuwa anasoma bajeti yake bungeni Dodoma. Vipeperushi visivyo na jina la mwandishi vilikuwa vimesambazwa: fungeni maduka, kaeni nyumbani, sikilizeni. Mji ulitii kwa namna ambayo sijawahi kuiona hata sikukuu. Ukipita mtaani ulisikia hotuba moja ikitoka kila dirisha, redio na televisheni, kwa hiyo uliweza kutembea kutoka Magomeni hadi Chuno usikose sentensi. Waziri alipofika mahali pa kusema ujenzi unaendelea, hakuongeza kwa mtu wa Mtwara chochote cha kushika mkononi. Au kama aliongeza hakikusikika, maana hapo ndipo watu walipotoka nje.

Sitasimulia siku zilizofuata kwa urefu. Nyumba zilichomwa, daraja la Mikindani likaharibiwa ili magari yasipite, risasi zikalia, watu wakafa. Wanajeshi wanne waliokuwa wakitoka Nachingwea kuja Mtwara walikufa katika ajali ya gari, na nao walikuwa watoto wa watu. Mji ukajaa askari. Familia nyingi zilikimbilia porini na vijijini. Sisi tulikaa ndani tukila mihogo iliyokaushwa. Na kuna jambo ambalo watu wa kwetu hawapendi kulisema mbele ya wageni: baadhi ya waliochomewa hawakuwa na mkono wowote katika bomba. Mtu kuwa mwandishi wa habari au kuwa na ndugu serikalini si kosa la kuchomewa nyumba. Anayetetea hasira ya Mtwara asitetee hilo. Mimi sitetei.

Baada ya hapo hakuna aliyeandamana tena. Bomba likachimbwa, likafukiwa, na Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, likazinduliwa.

Sasa nataka kuwa muungwana kwa upande wa pili, maana kwenye mabishano ya vijiweni huwa sipewi nafasi hiyo. Hoja za kiufundi za serikali hazikuwa za kipuuzi. Gesi haina maana bila mteja, na wateja walikuwa Dar: mitambo ya Ubungo na Tegeta ilikuwa tayari imefungwa, mingine ikinyonya mafuta ya gharama kubwa wakati wa ukame. Bomba la Songo Songo lilikuwa limefika kikomo cha uwezo wake. Kujenga kituo kikubwa Mtwara kungehitaji njia ndefu ya umeme ambayo haikuwepo, na umeme hupotea njiani. Na bomba kuondoka Madimba hakuzuii kiwanda kuchukua gesi Madimba. Yote hayo ni kweli. Ningekuwa mhandisi wa wizara huenda na mimi ningechora mstari huohuo kwenye ramani.

Tatizo ni kwamba mstari kwenye ramani huamua mengine yote. Mwekezaji anayetaka gesi akijua itamfikia mlangoni Dar, kwenye bandari kubwa, uwanja wa ndege wa kimataifa na soko la mamilioni ya watu, atakwenda Mtwara kutafuta nini? Ndiyo maana mpangilio wa nini kianze ulikuwa na uzito kuliko maneno ya nani mwenye mali. Unaweza kuwa na haki zote za kisheria juu ya rasilimali yako kama raia na bado ukabaki mlinzi wa mkuza. Na kuna jambo ambalo hunikera nikilifikiri: Sera ya Taifa ya Gesi Asilia, ile inayopaswa kusema gesi itumikeje, nani anufaike vipi, jamii zinazozunguka visima zishirikishwe namna gani, ilipitishwa Oktoba 2013. Karibu mwaka mzima baada ya jiwe la Kinyerezi. Sheria ya Petroli na ile ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi zikaja 2015. Kwa hiyo wakati tunaambiwa hatuelewi sera, sera ilikuwa haijaandikwa.

Halafu likaja lile la CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ripoti iliyotoka 2017 ilionyesha kwamba bomba linatumika kwa takriban asilimia 6 ya uwezo wake. Sita. Mkopo wa zaidi ya dola bilioni moja unalipwa, na ndani ya bomba la inchi 36 kunapita kiasi ambacho bomba dogo lingekibeba. Nilikuwa ofisini Dar nilipoisoma habari hiyo, na sikufurahi hata kidogo, ingawa ningeweza kuwatumia wenzangu wote wa "mbona ilitoka". Tulikuwa tumeambiwa kwamba wateja wako kule tayari, wanasubiri. Karibu miaka miwili baada ya uzinduzi walikuwa hawajafika kule, na huku kwetu pia hawakuwepo. Matumizi yamepanda tangu wakati huo, viwanda vingi zaidi vimeunganishwa, Kinyerezi imejengwa na kuongezwa. Ila tangu 2024 bwawa la Julius Nyerere limeanza kuwasha mitambo yake ya megawati 2,115, na haraka ya kuzalisha umeme kwa gesi haiko kama ilivyokuwa.

Na Mtwara? Dangote alijenga kiwanda kikubwa cha saruji, kikazinduliwa 2015. Kilianza kazi kwa majenereta ya dizeli na makaa ya mawe, na kiliunganishwa na gesi mwaka 2018. Yaani kiwanda kilichokuja Mtwara, pamoja na mambo mengine, kwa ajili ya gesi, kilikaa miaka kadhaa kikichoma mafuta wakati gesi ya Madimba iko safarini kwenda Kinyerezi. Kiwanda cha mbolea kilichopangwa Kilwa Masoko hakikujengwa. Kituo cha megawati 300 bado ni cha kwenye mipango. Mitambo ile midogo ya mjini ilichoka, mahitaji yakaongezeka, na mgawo tulioukwepa 2011 ukatufuata hadi nyumbani. Bandari imeongezewa gati, na wakati wa msimu wa korosho inapendeza kuitazama. Nyumba mia kadhaa zimeunganishwa na gesi ya kupikia. Ya mama yangu haimo. Anapikia mkaa, na mtungi ambao nilimnunulia mimi anauweka kwa ajili ya wageni.

Kuna pia ushuru wa huduma, kwa miaka mingi ukiwa asilimia 0.3 ya mauzo, ambao kampuni hulipa halmashauri gesi inakozalishwa. Watu wengi hawaujui, nami naona ndiyo sehemu ya habari hii inayostahili kufuatiliwa kuliko zote. Ndiyo pesa pekee ya gesi ambayo mwanakijiji anaweza kuiulizia kwa diwani wake, uso kwa uso, bila kupitia Dodoma. Kiasi hicho hakionekani kuwa kitu, lakini kwa halmashauri ya vijijini yenye vyanzo vya korosho na samaki tu, ni kitu. Swali ni inaishia wapi: kwenye zahanati na madarasa ya Msimbati na Madimba, au kwenye posho za vikao? Nimekaa kwenye mikutano ambako swali hilo lilipoulizwa, muda wa maswali ukaisha ghafla.

Nimeyaandika haya sasa kwa sababu mabomba yanaongezeka. Mwaka 2021 Tanzania na Kenya zilitia saini makubaliano kuhusu bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, na gesi ya kulijaza itabidi itoke hukuhuku kwetu. Karibu zaidi na nyumbani, kisima cha Ntorya, bara ya Mtwara, kilipata leseni ya uendelezaji mwaka 2024, na kinahitaji bomba lake la kilomita 35 hivi hadi Madimba ili gesi yake iungane na ile inayokwenda Kinyerezi. Linapita mashambani, kwenye mikorosho na mihogo, katika vijiji ambako nina ndugu.

Nilipokwenda msimu uliopita nilimkuta mjomba wangu akibishana na mwanawe kuhusu bomba hilo. Binamu amemaliza VETA, anajua kuchomelea, ana cheti, na anaendesha bodaboda ya mtu. Kwake bomba ni neema.

"Baba, mimi sitaki kusikia habari za 2013. Nilikuwa darasa la tano. Nataka kibarua."

"Kibarua cha kuchimba mtaro?"

"Hata cha mtaro. Si nitalipwa?"

"Utalipwa mpaka mtaro uishe."

"Na wewe korosho inakulipa mpaka lini? Si msimu tu?"

Mjomba akanigeukia. Kwa mila zetu yeye ndiye anayenisemea mimi, sikumzoea akiniuliza. "Wewe unakaa huko linakoishia. Waliopitiwa na mkuza wa kwanza walilipwa fidia ya mkorosho kwa bei ya mti au kwa bei ya mavuno?" Nikamwambia nitaulizia. Akasema hapana, hataki niulizie Dar, anataka niandike swali hilo kwa karatasi na hati nzuri, yeye atalisoma kwenye mkutano wa kijiji mbele ya watu wa mradi. Tukakaa barazani tukaandika. Fidia italipwa lini, kabla ya kukata miti au baada? Ushuru wa huduma wa mwaka jana ulikuwa shilingi ngapi na halmashauri ilijenga nini? Transfoma ya kijiji itakuja na bomba au itakuja baada ya bomba? Gesi ya Ntorya, kuna mteja yeyote wa Mtwara aliyetajwa kwenye mpango, au yote inaondoka?

Binamu alikuwa amesimama pembeni akifuta vumbi kwenye pikipiki. Akasema kama tunaandika, basi na lake liandikwe: vijana wangapi wa hapa, wenye vyeti, wataajiriwa kuchomelea, na orodha ya majina itabandikwa wapi? Nikaliandika chini kabisa, lilikuwa la mwisho. Mjomba akachukua karatasi, akaisoma yote polepole, akanirudishia akisema niandike upya, na la kijana nilipandishe juu liwe la kwanza.